Njia Tisa za Kumyeyusha Bata Mzinga, Kutoka ya Hatari Hadi ya Uhakika

Alhamisi ya nne ya Novemba, Marekani nzima inakaa mezani mbele ya bata mzinga. Rais Lincoln aliitangaza Sikukuu ya Shukrani mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaifunga kwenye Alhamisi hiyo ya nne, kwa hiyo tarehe haijifichi. Hata hivyo kila mwaka, Jumatano usiku, simu zinaanza kulia katika nyumba zetu za ughaibuni kuanzia Houston hadi Minneapolis: "Dada, huyu ndege bado jiwe. Tunafanyaje?" Hapo ndipo ushauri unapomiminika. Shemeji ana wake, mjomba ana wake, jirani kutoka Bukavu naye ana wake, na hakuna anayekubali kushindwa.

Nimezikusanya njia zao hapa, tisa kwa jumla, na ninazihesabu kurudi nyuma: tunaanza na ile inayoweza kuunguza nyumba, tunamaliza na ile ninayoitetea kwa moyo wangu wote. Ninalibeba jambo hili kwa uzito kwa sababu meza ya sikukuu ina wajukuu, wajawazito na wazee, na hao tumbo likiwashika linaweza kuwafikisha hospitali.

Kwanza tumjue mpinzani wetu. Bata mzinga wa familia kubwa ana pauni 20, yaani kilo 9, na anatoka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya nyama yake ni maji yaliyoganda, na barafu ni kaidi: joto la kuyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuyapasha maji ya uzito huohuo kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Tena nyama iliyokwisha kuyeyuka hupitisha joto polepole kuliko iliyoganda, kwa hiyo tabaka la juu likishalegea linaikinga barafu ya ndani. Unene nao una hesabu yake. Ndege akiwa mnene mara mbili, joto huchukua karibu mara nne ya muda kufika katikati. Ndiyo maana uzoefu wa kuku wa kilo moja na nusu haumsaidii mtu sana hapa.

Haya, tuanze mabishano.

9. Kumtumbukiza kwenye mafuta akiwa bado ameganda

Mtetezi ni binamu mwenye jiko la gesi la nje na sufuria ndefu, na kauli yake ni moja: "Mafuta yatamyeyusha yenyewe."

Binamu, hayo mafuta hayatakaa ndani ya sufuria kungoja hiyo kazi.

Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 175 hivi, na maji huchemka kwenye 100. Barafu ikizama humo inageuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke huo unayasukuma mafuta juu, yanafurika ukingoni, yanashuka kwenye moto wa gesi, na ndani ya sekunde chache unatazama nguzo ya moto iliyopita paa. NFPA, shirika la Marekani linaloshughulikia kinga ya moto, linaihesabu Sikukuu ya Shukrani kuwa siku inayoongoza kwa moto wa jikoni majumbani, na linawashauri watu wasitumie kabisa vikaangio hivyo vya mafuta nyumbani. Anayeng'ang'ania basi amhakikishe ndege ameyeyuka hadi ndani ya tumbo, amfute maji yote, aweke jiko kwenye ardhi tambarare mbali na ukuta na baraza la mbao, azime gesi wakati wa kumshusha, na asiondoke hapo hata kwa salamu. Mkitaka cha kukaanga siku hiyo, sambusa zipo na hazijawahi kuita zimamoto.

8. Kumwacha juu ya meza ya jikoni usiku kucha

Hapa naongea kwa adabu, maana mtetezi mara nyingi ni mama mkwe. "Mwanangu, nimepika tangu hujazaliwa, nyama naiacha nje, na hakuna aliyewahi kuumwa."

Shikamoo mama. Nakuamini kabisa, na nitakwambia kwa nini ilikuwa salama. Kuku wako wa Tanga alikuwa anatembea uani asubuhi. Akachinjwa, akanyonyolewa, akaingia sufuriani, na saa saba mchana alikuwa kwenye sinia. Hakuwa na muda wa kuharibika. Hata nyama ya buchani ilikatwa alfajiri na kupikwa siku hiyohiyo. Ulinzi wako ulikuwa haraka, na haraka hiyo ilikuwa elimu kamili ya usalama wa chakula. Huyu bata mzinga wa kiwandani hana haraka. Ukimweka mezani saa nne usiku, ngozi yake itapata uvuguvugu muda mrefu kabla ya asubuhi, ilhali katikati ya kidari bado kuna barafu.

Kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60, yaani 40 hadi 140 kwa Farenhaiti, bakteria wanastawi. Wakipata mazingira mazuri huweza kuongezeka mara mbili kila dakika 20. Fanyeni hesabu: mmoja anakuwa 64 baada ya saa mbili, na 4,096 baada ya saa nne. Usiku mzima sitauandika hapa, mtakosa hamu ya kula. Kanuni ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ni kwamba nyama mbichi isikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa mbili, na saa moja tu ikiwa hewa imezidi nyuzi 32.

Hapo shemeji anaingilia: "Si oveni itawaua wote?" Shemeji, wengi watakufa. Lakini kuna bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi hata puani mwa watu wazima wenye afya njema, na akishaongezeka kwenye chakula hutoa sumu ambayo moto wa oveni hauivunji. Yeye atakufa, sumu yake itabaki, na wageni watapanga foleni mlangoni mwa choo.

Mama mkwe abaki na heshima yake yote. Tumwombe atusimamie viungo, ambako hakuna wa kumfikia.

7. Kumlowesha kwenye maji ya moto bafuni

Mjomba anasema maji ya moto ni haraka. Mjomba, ni haraka ya kuipasha ngozi joto tu. Nje anaanza kuchemka, katikati bado barafu, na tabaka lote lililo kati ya hapo linakaa kwenye joto lile ambalo bakteria wanalipenda. Halafu kuna bafu lenyewe, ambalo watoto wataoga jioni. Tuachane na hili.

6. Draya ya nywele, mashine ya kuoshea vyombo, blanketi la umeme

Vyote vitatu vinapasha joto nje na kuiacha barafu ndani, sawasawa na bafu la mjomba. Wifi, draya irudi chumbani. Nywele zako za sikukuu zinaihitaji zaidi.

5. Kumweka nje kwenye baridi, au kwenye gereji

"Nje ni friji ya bure," anasema kaka wa Minneapolis. Kaka, friji inashika joto moja usiku na mchana. Novemba ya Minnesota ikishuka chini ya sifuri, ndege hayeyuki, anaendelea kulala. Jua likipiga kwenye baraza mchana, upande mmoja unapata moto na mwingine bado umeganda. Houston nako siku ya Novemba inaweza kufika nyuzi 25, na hapo ni meza ya jikoni ileile, ila imehamia nje. Tena kuna paka wa jirani na rakuni wa Marekani, ambao hawasubiri kukaribishwa.

Baridi ya nje ina kazi yake. Ipeni soda na maji ya chupa, na sababu mtaiona tukifika namba 1.

4. Maikrowevu

Kuanzia hapa tumeingia kwenye njia zinazokubalika, kwa hiyo punguzeni sauti.

Maikrowevu ni salama kwa sharti moja: nyama ikitoka humo, inaingia kupikwa moja kwa moja. Mawimbi yake hayapashi sawasawa. Ncha za mabawa zinaweza kuanza kuiva wakati kidari bado kigumu, na sehemu hizo zenye uvuguvugu hazifai kungoja kesho. Toeni vifungashio vyote, fuateni dakika zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine, mgeuzeni mara kwa mara.

Tatizo ni ukubwa. Binamu atajaribu kuufunga mlango kwa goti, lakini ndege wa pauni 20 haingii kwenye maikrowevu nyingi za majumbani. Kwa mapaja, au kidari kilichonunuliwa peke yake, njia hii ni nzuri kabisa.

3. Oveni moja kwa moja, bila kumyeyusha

Hii huwashangaza watu. Dada anayepiga simu Alhamisi asubuhi akilia, naye ameshindwa yote, namwambia: futa machozi, washa oveni. Ndege aliyeganda anaweza kuingia kwenye oveni ya nyuzi 163, yaani 325 kwa Farenhaiti, akapikwa salama. Kitakachobadilika ni muda, ambao huongezeka kwa nusu yake hivi. Ndege wa pauni 20 asiyejazwa kitu tumboni huchukua saa nne na nusu kwa kawaida. Akiwa ameganda, wekeni karibu saa saba. Chakula cha saa kumi jioni kinamtaka oveni saa tatu asubuhi.

Yapo masharti. Hajazwi kitu tumboni. Viungo havishiki juu ya barafu, kwa hiyo kitunguu saumu na tangawizi vingoje hadi ngozi ilegee. Ule mfuko wa shingo na firigisi uliofichwa tumboni mtautoa katikati ya safari, kwa koleo, akiwa moto. Na njia hii ni ya oveni pekee: kwenye moshi au kwenye mkaa wa taratibu atakaa muda mrefu mno kwenye joto la hatari, na habari ya mafuta tulishaimaliza.

Kama hata hapo bado mna wasiwasi, Marekani ina watu wanaoajiriwa kujibu maswali haya. Kampuni ya Butterball imekuwa na laini ya simu ya bata mzinga tangu 1981, na Wizara ya Kilimo ilifungua yake ya nyama na kuku mwaka 1985. Pigeni bila aibu. Swali lenu wameshalisikia.

Ladha? Ataiva, atalika, watu watashiba. Ila ule mlo wenye viungo vilivyozama hadi mfupani mtaukosa, ndiyo maana njia hii imesimama nafasi ya tatu.

2. Maji baridi

Sasa tunaongea. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo hata maji baridi ya bomba hula barafu kwa kasi ambayo friji haiwezi. Hesabu ni dakika 30 kwa kila pauni: ndege wa pauni 12 anahitaji saa 6, wa pauni 20 anahitaji saa 10.

Akae ndani ya mfuko usiopitisha maji, azame wote, na maji yabadilishwe kila dakika 30 ili yabaki baridi. Hapo ndipo wanaume wa sebuleni wanapotakiwa kujitokeza. Saa 10 ni mabadilisho karibu 20 ya maji, na mechi ya mpira wa Kimarekani ina mapumziko ya kutosha kwa mtu kunyanyuka hadi jikoni. Shemeji aliyesema oveni itaua bakteria wote apewe zamu mbili.

Mfuko ukivuja, nyama inakunywa maji na kuwa chapwa, na maji ya nyama yanaenea sinki zima. Kwa vyovyote, mkimaliza, sinki lioshwe kwa sabuni, kisha lipitishwe maji yenye dawa ya klorini isiyo na manukato, kijiko kikubwa kimoja kwa galoni ya maji, lita karibu 4. Kachumbari haikaribii hapo kabla ya kazi hiyo.

Na sharti la maikrowevu linabaki: akishayeyuka kwa maji, anapikwa papo hapo. Kwa hiyo msianze Jumatano jioni mkalala. Anayetaka kumwingiza oveni saa nne asubuhi na ndege wa pauni 20 ataanza saa sita usiku, na huyo namwonea huruma kweli.

1. Friji, na kalenda

Hii ndiyo yangu, na sitasogea.

Friji yenye nyuzi 4 au chini yake, yaani 40 kwa Farenhaiti, inamyeyusha ndege bila hata inchi moja ya ngozi yake kuvuka mpaka wa hatari. Haimtaki mtu aamke usiku. Haichafui sinki. Inachotaka ni saa 24 kwa kila pauni 4 au 5, na hesabu hiyo ndiyo watu wanayoikataa, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba kitu kinaweza kukaa friji siku tano na kikawa bado kina barafu. Kinaweza. Ndege wa chini ya pauni 12 anataka siku 1 hadi 3. Wa 12 hadi 16, siku 3 hadi 4. Wa 16 hadi 20, siku 4 hadi 5. Wa 20 hadi 24, siku 5 hadi 6. Yule wa pauni 20 anatoka friza Jumamosi asubuhi. Jumatatu ni ya wadogo. Ndugu wa Kanada, ambao sikukuu yao ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, wamtoe Jumatano ya wiki iliyotangulia.

"Jumamosi ni mapema mno, ataoza," analalamika shemeji, aliyetoka kwenye zamu ya sinki. Shemeji, akishayeyuka kwenye friji anaweza kukaa humo siku moja au mbili zaidi kabla ya kupikwa. Na wageni wakizuiwa na theluji uwanja wa ndege, huyu wa friji peke yake unaweza kumrudisha friza bila kumpika kwanza. Wa maji na wa maikrowevu hawana ruhusa hiyo.

Nafasi ndiyo ugomvi mkubwa. Fungueni friji yoyote wiki ya sikukuu: soda katoni mbili, maziwa, sufuria ya maharage, keki ya shangazi. Hizo soda ndizo za kutoka nje kwenye baridi. Bata mzinga akae rafu ya chini kabisa, ndani ya kifungashio chake, juu ya trei yenye kina, kwa sababu atatoa majimaji, na majimaji hayo yakidondokea matunda ya watoto ni balaa. Nunueni kipimajoto cha friji, ni cha bei ndogo. Friji iliyojazwa na kufunguliwa kila dakika na watoto wanaotafuta juisi haina baridi mnayoidhania.

Kama friji ni ndogo, nunueni ndege wawili wa pauni 10 badala ya mmoja wa 20. Watayeyuka kwa siku 2 au 3, wataiva mapema, na mtakuwa na mapaja manne badala ya mawili, jambo linalomaliza vita vingi. Waislamu wanaomwagiza kwenye maduka ya halali waombe hivyo mapema, na waulize kama atakuja ameganda.

Jumatano asubuhi ingizeni mkono tumboni mwake. Mapaja yakicheza kwa urahisi na ndani hakuna barafu, kazi imekwisha. Barafu kidogo ikibaki, mpeni saa moja au mbili za maji baridi Alhamisi asubuhi kabla ya oveni, namba 2 ikimsaidia namba 1. Toeni mifuko ya ndani. Mara nyingi mmoja uko tumboni, na mwingine umejificha upande wa shingo, ambako watu wengi husahau kuangalia.

Sasa lile la ndimu. Najua tulivyolelewa: kuku anaoshwa, anasuguliwa na ndimu, anasuuzwa tena. Nawaomba, huyu asioshwe. Maji yakimpiga yanarusha vijidudu vya Salmonella na Campylobacter kwenye bomba, kwenye vyombo safi na kwenye nguo zako, na kinachowaua ni moto. Mfuteni kwa karatasi ya jikoni, mikono ioshwe kwa sabuni sekunde 20. Ndimu haitupwi, inakwenda kwenye viungo pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, anapakwa chini ya ngozi na kurudishwa friji hadi kesho. Someni lebo kabla ya chumvi, kwa sababu wengi wa walioganda huja wakiwa wamedungwa maji ya chumvi kiwandani.

Alhamisi msiiamini rangi, wala kale kadude ka plastiki kanakochomoza peke yake. Chomekeni kipimajoto cha nyama kwenye unene wa kidari, ndani ya paja na kwenye bawa. Pote pasome nyuzi 74, yaani 165 kwa Farenhaiti. Apumzike dakika 20 kabla ya kisu. Watu wakishakula, mabaki yatolewe mifupani na kuingia friji kabla saa mbili hazijapita, yaliwe ndani ya siku 3 au 4. Pilau ya Ijumaa kwa nyama hiyo, na supu kwa mifupa, mimi ningeziandikia makala yake.

Imebaki firigisi. Kwa kuku wa nyumbani inajulikana ni ya baba, na hii ya bata mzinga ni kubwa, itagombaniwa. Mwaka huu ikaangwe na kitunguu, iwekwe kwenye kisahani, na apewe yule aliyekumbuka kumtoa ndege friza Jumamosi, hata kama ni mtoto wa darasa la tano.